Mke Mwenzangu Gesare

Nina mke mwenza. Usinionee huruma, ngoja kwanza. Mke mwenzangu anaitwa Gesare, hana meno ya mbele, anatembea na fimbo, na ndiye nyanya wa mume wangu Ochoki. Lakini kwetu sisi Wakisii nyanya na mjukuu ni watani. Nyanya humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na huyo mjukuu akioa, bibi harusi hupokewa na kizee aliyeshika kiuno, akiuliza ni nani aliyeruhusu mke wa pili aingie bomani. Hivyo ndivyo nilivyopokewa Nyamache. Nilikuwa nimetoka kwetu Sironga na sanduku langu, viatu vya kuazima vinanibana, na Gesare akanisimamisha mlangoni mbele ya watu wote. "Mke mkubwa hapa ni mimi," akasema. "Wewe utapika, mimi nitakula. Umesikia, Gladys?" Nikasema nimesikia. Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Basi hiyo ni sheria moja. Iko nyingine iliyo kinyume chake. Mzazi na mwanawe hawataniani, na mambo ya chumbani hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Tunaiita chinsoni. Ni haya, lakini ni haya yenye meno. Mama hawezi kumwuliza mwanawe aliyeoa, wala mkamwana wake, habari za kitanda chao. Baba mkwe wangu haingii nyumbani kwangu kabisa. Akija kutoka Kericho anakofanya kazi kwenye mashamba ya chai, husimama uani akakohoa, nami nikatoka. Kwa hiyo ukiwa na jambo la chumbani, usimtafute aliyekuzaa. Ruka kizazi kimoja, nenda kwa nyanya.

Sasa sikia kichekesho. Mama mkwe wangu Mokeira, mama yake Ochoki, ni mhudumu wa afya wa jamii. Ndiye anayezunguka vilima vyetu na mkoba mgongoni akifundisha watu kupanga uzazi. Mwanamke huyu amewaeleza wazee wa kanisa jinsi ya kuvaa kondomu, na hakupepesa jicho. Wanawake wa upande wote ule wa mto wanajua tofauti ya sindano na koili kwa sababu yake. Nyumba moja tu katika eneo lake lote haikuwahi kupata somo hilo, na nyumba yenyewe ni ya mwanawe, yaani yangu mimi. Taa huangaza mbali, chini yake giza.

Na mimi ndiye niliyekuwa nalihitaji somo hilo kuliko wote. Watoto wawili wa kwanza, msichana na Manasseh, nilijifungua kwa kupasuliwa. Wa tatu, msichana tena, wakanipasua, na safari hii damu ikakataa kusimama. Niliongezewa damu ya watu nisiowajua pale Kisii mjini. Nilipopata fahamu, daktari alivuta kiti, akatueleza mimi na Ochoki bila kuzungukazunguka. Kovu la ndani limekuwa jembamba mno. Mimba nyingine inaweza kulichana, na nikifika hapo sitafika hospitali. "Chagueni njia mapema," akasema. Ochoki aliitikia kwa kichwa, macho yamevimba kwa kulia. Siku hiyo hata angeambiwa abebe kilima cha Nyanchwa mgongoni angekubali.

Halafu tukarudi nyumbani, na mzee Ogoti akafariki.

Ogoti alikuwa mume wa Gesare, babu yake Ochoki. Kwa kuwa baba mkwe alikuwa kazini Kericho mwaka nenda mwaka rudi, mzee huyu ndiye aliyemlea Ochoki. Alimfundisha kukata ndizi, kuchuma chai, kuogopa Mungu na kutoogopa ng'ombe. Tangu utotoni Ochoki alilala naye katika esaiga, kile kibanda cha wanaume kilicho kando ya lango. Mume wangu alipopoteza yule mzee, alipoteza baba.

Na kwetu mtu akifa, jina lake hutafuta mtoto. Mvulana wa kwanza kuzaliwa katika ukoo baada ya mazishi hupewa jina la marehemu, na watu husema mzee amerudi. Gesare alizaa mabinti na mwana mmoja, baba mkwe. Baba mkwe naye akapata mabinti na Ochoki. Mabinti wameolewa, wanazaa majina ya watu wengine. Haya basi, hesabu mwenyewe: mlango wa kurudia wa mzee Ogoti ulikuwa mmoja, na ulikuwa tumbo langu.

Mazishi yale sitayasahau. Nimekaa kwenye mkeka, nimepakata mtoto mchanga, siwezi hata kukohoa kwa maumivu, na kila anayekuja kunipa pole macho yake yanateremka tumboni. "Mzee hatakawia," wanasema. "Mlango uko wazi." Uko wazi! Jamani, mlango wenyewe ulikuwa na nyuzi bado! Nikanyamaza, maana msibani mtu hagombi. Lakini Gesare alipokuja akiwa amevaa kanga yake nyeusi, akaweka kiganja chake tumboni mwangu, akasema polepole, "Usimcheleweshe." Mke mwenzangu ambaye hajawahi kuniambia neno bila utani, siku hiyo hakutania. Hapo nikaogopa kwelikweli.

Miezi ikasonga. Ochoki si mtu mbaya, na nitagombana na atakayesema hivyo. Anaendesha bodaboda, anachuma chai, na mtoto akilia usiku yeye ndiye huamka kwanza. Lakini alianza kusema, "Mmoja tu, Gladys. Wa mwisho. Wa mzee." Nikamkumbusha daktari. Akasema Mungu atatusaidia. Nikamwambia Mungu alishatusaidia mara moja, na kwa damu ya wenyewe, tusimfanye mtumwa. Akanuna. Nami nikahamia kitanda cha watoto nikisema mdogo anasumbua, meno yanamtoka. Mtoto alikuwa hasumbui hata kidogo. Alilala fofofo, mimi ndiye niliyekuwa macho.

Mama Mokeira huwafundisha wanawake kwamba kunyonyesha kunazuia mimba, ila kwa masharti: mtoto awe chini ya miezi sita, asile wala kunywa kitu kingine, na mama awe hajaanza kuona siku zake. Wangu alikuwa ameshapita hapo, anafungua mdomo akiona tu ndizi ya kupondwa. Kila kijiko nilichomlisha niliona kinga yangu inapungua. Na visingizio vya meno navyo vina mwisho wake. Mtoto hawezi kuota meno mpaka aolewe.

Utaniuliza, si ungeenda tu kimyakimya? Wengi huenda. Siku ya soko wanabeba vikapu, wanapitia kliniki, wanachomwa sindano yao na kurudi na vitunguu. Siwalaumu, kila mtu anajua anayelala naye. Lakini mimi nikificha kitu uso wangu unasema wenyewe. Halafu nilikuwa na hasira. Kwa nini nijifiche kama mwizi, na mwili ni wangu, na kifo ni changu? Nilimtaka mume wangu ajue, akubali, akae kando yangu. Mficha uchi hazai, ndivyo wanavyosema. Na mimi nikasema, asiyetaka kuzaa naye asifiche.

Mama Mokeira aliona yote. Alinihesabia siku kwa macho, maskini, na mdomo umefungwa. Akajaribu ujanja. Akahamisha mafunzo yake kutoka kanisani, akayaleta uani kwake, hatua chache kutoka dirishani kwangu, ili Ochoki akiwa nyumbani asikie. Akawa anapaza sauti kama muuza mitumba: "MWANAMKE ALIYEPASULIWA MARA TATU!" Ochoki alipomsikia tu mama yake akianza, alichukua panga akaingia migombani. Ile migomba haijawahi kupaliliwa vizuri namna ile. Mikungu ilitoka mwaka huo hata majirani wakauliza ni mbolea gani.

Sasa Jumapili moja mambo yakaharibika, au tuseme yakatengenea. Katika vifaa vya Mama Mokeira kuna ule mti wa kufundishia kondomu, umechongwa ukachongeka, ukapigwa vanishi. Huuweka ndani ya leso, ndani ya mfuko, ndani ya mkoba, kwa heshima. Siku hiyo wanawake wamejaa uani, na waume watano sita waliokokotwa, akafungua leso. Hakuna kitu. Akatafuta jikoni, akatafuta chini ya kitanda, jasho likamtoka. Mara jirani yetu, mzee Okemwa, akanyoosha kidole taratibu upande wa majani. "Mama Ochoki," akasema, "si ndio ule pale?"

Mbuzi wa Gesare alikuwa akila majani, amefungwa kamba, na kamba imefungwa kwenye kile kifaa, ambacho kilikuwa kimepigiliwa ardhini kama kigingi.

Lo! Watu walianguka. Okemwa alikaa chini kabisa kwenye nyasi. Mimi nilimkabidhi mtoto kwa mtu bila hata kumwangalia ni nani, maana ningemwangusha. Gesare akatoka nyumbani kwake akiuliza nani kafa. Alipoona tunachochekea, akakasirika. "Nilikikuta jikoni," akasema. "Ni kigingi kizuri, kina kichwa cha kugongea. Mvua imelainisha udongo, vijiti vingine vinang'oka. Kuna ubaya gani?"

Mama Mokeira hakuweza kumjibu. Gesare ni mama mkwe wake, angemwambia nini? Alisimama pale, mwalimu wa vilima vyote, amefunika uso kwa leso. Ikabidi mke wa Okemwa amnong'oneze nyanya sikioni. Gesare akasikiliza. Akamtazama mbuzi. Akatazama kigingi. "Mbona wa Ogoti haukupakwa rangi?" akauliza, na uwanja mzima ukalipuka upya.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumfukuza. Akadai kiti cha mbele. Akasema kama mbuzi wake amesoma, na yeye atasoma. Mama Mokeira akafundisha: vidonge vya kila siku, sindano ya kila miezi mitatu, vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, koili inayowekwa ndani ya mji wa mimba, kondomu, kufunga uzazi kwa mwanamke na hata kwa mwanamume. Gesare akawa anavishika kimoja kimoja, anavinusa. Kile kijiti cha mkononi alikizungusha kati ya vidole muda mrefu. "Hiki kidogo hivi," akasema, "ndicho kinachozuia mtu mzima?"

Kisha akauliza swali lake. "Na mwanamke aliyetokwa damu karibu afe, kama huyu mke mwenzangu, njia yake ni ipi?"

Kila mtu alijua mke mwenza wa Gesare ni mimi, na mume wangu ni mwana wa nani. Macho ya Mama Mokeira yalijaa machozi, mbele ya watu. Akaanza kurudisha vifaa mkobani na somo halikuwa limekwisha. Gesare alimtazama mkamwana wake, akanitazama mimi, akaelewa yote bila kuambiwa. Hakusema utani wowote. Alichukua fimbo yake akaenda nyumbani kwake, na mbuzi akaachwa bila kigingi, akala mboga zangu zote za chinsaga.

Siku zilizofuata Gesare hakutoka. Nilimpelekea chakula, akala bila kunitukana, jambo ambalo lilinitia wasiwasi kuliko ugonjwa. Nilijua tunamwomba nini. Ochoki alitaka kumrudisha babu, lakini Gesare alikuwa anataka kumrudisha mume. Mwanamke amelala na mtu mmoja tangu usichana wake, amemzika, halafu anaambiwa na njia ya kurudia izibwe. Nikawa namhurumia yeye, najihurumia na mimi, na sijui huruma ipi iende mbele.

Halafu alasiri moja ya mvua, ile mvua yetu ya kila siku, Ochoki akiwa nyumbani kwa sababu bodaboda haipandi kilima kwenye tope, Gesare akaingia bila kubisha. Akapita sebuleni moja kwa moja, akaenda kuketi juu ya kitanda chetu, mahali ambapo Mama Mokeira hawezi hata kupachungulia. Akapigapiga godoro. "Njooni hapa, nyote wawili."

Tukaenda tukasimama kama watoto wa shule.

"Mume wangu," akamwambia Ochoki, "unajua kwa nini Ogoti alikuwa akilala esaiga?"

"Si ni kibanda cha wazee," Ochoki akasema. "Tena alikuwa anakoroma. Mwenyewe aliniambia."

"Aliwaambia wote hivyo. Hata mimi." Akajifuta pua kwa pindo la kanga. "Mtoto wangu wa mwisho alinimwagisha damu. Mkunga akatoka nje akamwambia Ogoti aanze kutafuta mbao. Sikufa, kama unavyoona, mimi ni mkaidi. Lakini nilipopata nguvu ya kukaa, nikamwona mume wangu anabeba ngozi yake ya kulalia anaenda langoni. Nikalia! Nikasema amepata mwingine. Nikaenda kumvizia kupitia ufa wa mlango, nimkamate na malaya wake. Nikamkuta peke yake, anachoma mahindi."

Ochoki akaanza kutabasamu. Nyanya hakumpa nafasi.

"Wenzake walimcheka, weee! Kwenye pombe ya busaa, enzi hizo hatujabatizwa. Walimwita aliyefukuzwa na mke. Akawajibu: chekeni, kicheko hakichimbi kaburi. Maneno hayo niliyasikia kwa dada yake baadaye, yeye hakuwahi kuniambia. Mimi alinidanganya na kukoroma kwake mpaka akafa. Siku hizo hapakuwa na sindano wala kijiti. Palikuwa na esaiga na mlango wake. Wewe ulilala humo utoto wako wote, Ochoki, na hukujua kwamba umelala ndani ya dawa ya nyanya yako."

Mume wangu akainamisha kichwa. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hivi kwamba tungetaka kusema lingine tusingesikizana. Akatoka, akasema anafungia kuku, na kuku walikuwa tayari ndani.

Tulipobaki wawili, Gesare akanishika mkono. "Siku ya mazishi nilikuwekea mkono tumboni," akasema. "Nilikuwa namtaka mume wangu, sikukuona wewe. Nisamehe, mke mwenzangu." Nililia kwa sauti, sikuona haya. Akanikemea kwamba namlowesha kanga.

Ochoki aliporudi ameloa chepechepe, akasema, "Siku ya soko tutaenda kliniki." Aliliambia dirisha, si mimi. Lakini nililipokea hivyohivyo.

Siku ya soko tukapakia pikipiki, Ochoki mbele, Gesare katikati, mimi nyuma, mtoto mgongoni. Gesare alikataa kubaki. Alisema haiwezekani mume wake aende kliniki na mke mdogo tu, watu watasemaje? Mama Mokeira alikuwa amesimama uani na ufagio. Hakuweza kuuliza. "Mnaenda sokoni?" akasema. "Ndiyo, Mama," Ochoki akajibu, anaangalia tairi. "Sokoni." "Basi mniletee chumvi," akasema, akatugeuzia mgongo upesi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na najua hakuwa anafagia.

Muuguzi pale kliniki alikuwa msichana wa Kisii mjini asiyejua Kikisii, anayeitwa Mulki, mwenye hijabu nadhifu na sauti ya upole. Akauliza sisi ni nani. "Wake zake," Gesare akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi mkubwa, hii ni ndogo." Mulki akamtazama Ochoki kwa makini. Ochoki akaangalia dari.

"Nyanya, na wewe unataka njia?" Mulki akauliza.

"Yangu Mungu alishafunga mwenyewe. Lakini onyesha mimi yote, isije mtu akadanganya huyu mtoto."

Kwanza Mulki akawatoa nje wote wawili, nikabaki peke yangu. Akanipima presha, akahakikisha sina mimba, akasikiliza habari ya kupasuliwa na damu. Kisha akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini? Sijauliza mume, sijauliza nyanya." Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu nizaliwe, nadhani. Tukazungumza. Vidonge ningevisahau, na watoto watatu wangevila kama peremende. Sindano ya kila miezi mitatu, na barabara yetu wakati wa mvua, hapana. Koili akasema inanifaa pia, ila moyo wangu haukuitaka. Nikachagua kijiti cha mkononi. Akanieleza kwamba huenda siku zangu zikabadilika, zikaja ovyoovyo au zisije, nisishtuke, na nikitaka kitolewe nirudi siku yoyote. Nikasema nimeelewa. Akawaita ndani.

"Gladys amechagua kijiti," Mulki akawaambia. "Kitamlinda miaka mitano."

"Mitano?" Ochoki akasema.

Nikajua. Nikaiona sura yake inabadilika. Alikaa kwenye kiti, kofia ya pikipiki mapajani. "Nilidhani ni mwaka," akasema. "Mwaka ningevumilia. Miaka mitano jina la mzee lilale nje? Na baada ya hiyo mitano daktari atakataa tena. Basi ndio limekwisha. Ndio amekufa kabisa."

Mulki akamwambia kwa adabu kwamba uamuzi ni wangu na hahitaji ruhusa ya mtu. Nami nikasema, "Nitakiweka, Ochoki. Hata ukitoka hapa, nitakiweka, kwa sababu sitaki kufa. Lakini sitaki utoke."

Hakutoka. Ndipo Gesare akagonga sakafu na fimbo yake, akaacha Kiswahili, akaingia Kikisii.

"Wewe mwanamume. Nitazame. Magoti yangu yako wapi?"

"Yamekwisha, magokoro," akajibu, ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Meno?"

"Yamekwisha."

"Basi mimi naelekea wapi?"

Nani atamwambia nyanya yake neno kama hilo?

"Sema! Unaogopa nini? Naelekea kwa nani?"

"Kwa mzee," Ochoki akasema, kwa sauti ya chini sana.

"Eeeh! Naenda kwa mume wangu. Nimeshatoka nyumbani, niko kwenye mteremko, karibu nafika. Na wewe uko huku unamwita! Njoo mzee, rudi mzee! Nifike kule na magoti yangu haya, nibishe hodi, niambiwe Ogoti hayupo, ametoka, ameenda Nyamache, ananyonya? Tutapishana njiani, Ochoki! Nimemsubiri atoke langoni maisha yangu yote, sasa na yeye anisubiri mimi. Mwache mume wangu akae pale pale alipo. Nakuja."

Ochoki alicheka. Kilimtoka ghafla, kicheko kikubwa cha tumbo, akajishika mbavu, na katikati yake kikavunjika, kikawa kilio. Hakuwa amelia mazishini. Alikuwa mwanamume wa kubeba jeneza. Sasa alilia mbele ya wanawake watatu na mtoto, kichwa chake kwenye goti la Gesare, na Gesare anampapasa akimwambia nyamaza, mume wangu, nyamaza, watadhani nimekupiga.

"Amesema nini?" Mulki akaniuliza, macho yamemtoka. Nikamtafsiria, nami naongea nikicheka na kamasi. Nilipofika kwenye kunyonya, ikabidi aweke glavu chini, akageukia ukutani, na mabega ya hijabu yakawa yanaruka.

Ochoki akainuka, akajifuta uso kwa mkono wa koti. Akanipokonya mtoto, akampa Gesare. Kisha akanipandisha sweta mkono wa kushoto yeye mwenyewe, taratibu, mpaka juu ya kiwiko, na mkono wangu wa kulia akaushika ndani ya mikono yake yote miwili. Mulki akavaa glavu mpya. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Weka," nikasema.

Akanichoma sindano ya ganzi, akaniambia nitulie, nisicheke, mkono unatikisika. Nikajaribu. Nikatazama pembeni, nikamwona mke mwenzangu anamweleza mtoto kwa sauti kubwa kwamba Ogoti alikuwa hakoromi hata kidogo, nikashindwa kabisa.